Ratiba Uachie Upepo

Kazi yangu ni hali ya hewa, na kwa miaka mingi nimejikita kwenye ile kanda nyembamba ambako nchi kavu na bahari hukutana. Likizo zangu nazo huishia hukohuko: gari, barabara inayofuata ukingo wa maji, na siku kadhaa zisizo na haraka. Watu wakisikia hivyo huniuliza barabara ipi inapendeza zaidi. Mimi natamani waniulize ni saa ngapi. Barabara ileile ya pwani, saa moja asubuhi na saa tisa alasiri, ni barabara mbili, na kinachozitenganisha ni upepo.

Mambo huanza na jua. Likipanda, huipasha nchi kavu na bahari kwa wakati mmoja, lakini maji hayashiki moto upesi. Kilo moja ya maji hudai joto karibu mara tano ya lile linalotosha kuipandisha kilo ya mchanga mkavu nyuzi moja. Tena maji huchanganyika, joto likazama chini, ilhali ardhi huungua ngozi ya juu tu. Kufikia saa nne au saa tano asubuhi hewa iliyolala juu ya nchi imekuwa nyepesi na inapaa, mgandamizo umeshuka kidogo, na hewa nzito ya baharini inaingia kushika nafasi. Huo ndio upepo wa bahari. Hukolea hadi saa nane, saa tisa, kisha hulegea jua likielekea kuzama. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa haraka kuliko maji, na hewa hushuka kutoka bara kwenda baharini. Mabaharia huuita umande, nao ni mpole kuliko mwenzake wa mchana.

Upepo wa bahari peke yake hufika kilomita 20 hadi 35 kwa saa, na haumsumbui dereva. Kazi inaanza pale unapoungana na upepo mkuu wa majira. Kwenye pwani ya California, kwa mfano, upepo wa kiangazi tayari hutoka kaskazini-magharibi. Wa bahari ukijumlika nao, alasiri inakuwa ya kushika kofia. Kwa hiyo siku yangu ina sehemu tatu. Naondoka alfajiri na kuendesha hadi saa nne na nusu hivi. Mchana natafuta ghuba iliyokingwa na kilima, nakaa. Kilichobaki cha njia nakimaliza jioni. Kwa siku sizidishi kilomita 150, na sioni fahari yoyote katika kuzidisha.

Jambo la pili la kuamua kabla ya kuwasha gari ni uelekeo. Pale magari yanapoendeshwa kulia, fuata njia inayokuweka bahari mkono wa kulia. Pale yanapoendeshwa kushoto, iwe kushoto. Utakuwa upande wa maji, na kila eneo la kuegesha litakuwa lako bila kukata mbele ya magari yanayokuja. Barabara ya Highway 1 ya California ina bahati ya ziada: ukiishika kutoka kaskazini kwenda kusini, unakuwa upande wa bahari na upepo unakusukuma mgongoni. Great Ocean Road ya Australia, iliyojengwa kati ya 1919 na 1932 na askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, utaiendesha kutoka mashariki kwenda magharibi kwa sababu hiyohiyo ya kuwa ukingoni.

Sasa nije kwenye upepo wa ubavuni, maana hapa ndipo ninapoona madereva wengi wakishtuka. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake juu ya gari huongezeka mara nne. Gari refu kwenda juu, au lenye mizigo juu ya paa, linaupa upepo ukuta mkubwa zaidi wa kusukuma. Hata hivyo, ukali wa upepo si tatizo kubwa kama ughafla wake. Upepo wa kilomita 50 kwa saa unaovuma bila kukoma huzoeleka. Mikono huanza kuupinga yenyewe. Hatari ipo unapotoka mahali palipokingwa na ukuta wa mwamba na kuibukia darajani au kwenye mdomo wa bonde. Daraja la Bixby huko Big Sur, kwenye Highway 1 hiyohiyo, lililokamilika mwaka 1932, ni mfano wake hasa: ulikuwa umeegemea mlima, na ghafla uko wazi pande zote mbili, karibu mita 80 juu ya korongo. Rasi nazo zina tabia yake. Upepo hauwezi kupenya mlima, hivyo hubanwa na kuzunguka pua ya rasi, na kama mto unavyokwenda mbio panapokuwa pembamba, nao huongeza kasi palepale penye kona kali.

Lori ni fundisho jingine. Unapolipita upande wa mbali na upepo, hewa inakatika ghafla huku mikono yako bado inausukuma usukani dhidi ya upepo ambao haupo. Gari linavutika kuelekea lori. Sekunde chache baadaye unatokea mbele yake na kupigwa upya. Mimi siku za upepo silipiti lori kabisa, nasubiri eneo la kuegesha. Kwa sehemu nyingine zote, punguza mwendo kabla ya kufika penye uwazi, si ukiwa tayari umeshapigwa. Shika usukani kwa mikono miwili, na usilirudishe gari kwa kishindo. Liache lihame kidogo ndani ya njia yake, kisha lirudishe taratibu.

Kabla hata ya kupigwa, nchi yenyewe huwa imeshakuonya. Itazame miti ya ukingoni. Chumvi inayorushwa na mawimbi, pamoja na ukavu wa upepo, huua machipukizi ya upande wa joshi, yaani ule unaoukabili upepo. Yale ya demani, upande wa kivuli cha upepo, husalimika, na mti mzima hukua kama nywele zilizochanwa upande mmoja. Ukiona miti imelalia barabara kwa mkato, hapo ni mahali pa upepo wa ubavuni hata kama leo kumetulia. Bahari nayo husomeka. Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alibuni vipimo vyake vya upepo mwaka 1805, na mpaka leo mimi huvitumia nikiwa nyuma ya usukani. Povu jeupe likionekana hapa na pale, upepo ni wa kilomita 12 hadi 19 kwa saa. Likitapakaa kote, umefika 29 hadi 38. Miti mikubwa ikitikisika mwili mzima na kutembea kukawa kazi, umevuka 50, na hapo mwenye tela au gari refu asimame.

Upepo huohuo huleta ukungu, jambo ambalo huwashangaza wengi. Ukivuma sambamba na pwani kwa siku nyingi, kama ufanyavyo California na Namibia, mzunguko wa dunia hufanya maji ya juu yasogee mbali na nchi, na maji baridi ya chini yapande kushika nafasi. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo hupoa, na ukungu huzaliwa. Ukiukuta asubuhi, usikimbilie kuondoka. Mara nyingi joto la nchi huula kabla ya adhuhuri.

Mahali pa kusimama napo kuna la kujua. Egesha gari likiwa limeelekeza pua kwenye upepo. Nililijifunza hili kwa hasara, siku upepo wa nyuma uliponinyang'anya mlango na kuukunja hadi bawaba zikapinda. Pua ikielekea upepo, mlango husukumwa kufungwa. Ukishuka, usiende kwenye mdomo wa genge, yaani ukingo wa mwamba mrefu. Upepo wa bahari ukigonga genge hupanda juu, na pale kwenye mdomo hujivuruga na kujizungusha, kiasi kwamba unaweza kukusukuma kuelekea baharini ingawa unatoka baharini. Nalo jiwe lenyewe si la kudumu. Kwenye Great Ocean Road, tarehe 15 Januari 1990, daraja la asili la mwamba lililoitwa London Bridge lilikatika upande wa nchi kavu, na watalii wawili wakabaki ng'ambo hadi walipookolewa kwa helikopta. Tarehe 3 Julai 2005, moja ya zile nguzo za chokaa ziitwazo Twelve Apostles ilibomoka. Barabara nazo huenda hivyohivyo: maporomoko ya Mei 2017 pale Mud Creek yaliifunga Highway 1 hadi Julai 2018. Ndiyo maana kila safari huiwekea siku moja ya akiba.

Jioni huwa nazima injini mapema, nikiwa na mwanga bado. Povu linapungua moja moja baharini, majani yanaacha kuinama, na kunakuja kipindi, pengine nusu saa, ambapo hewa haiendi popote na mawimbi yanasikika peke yao. Nakaa ukutani, uso kwenye maji. Kisha ubaridi mwembamba unanigusa kisogoni, una harufu ya udongo na majani. Umande umeanza.