Bastola ya Mtumba wa Jeshi kwa Mnunuzi wa Mara ya Kwanza: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Tangu Vita Baridi vilipokwisha, maghala ya majeshi ya Ulaya Mashariki yamefunguliwa, na bastola zilizokuwa kiunoni mwa maofisa wa Kisovieti, wa Chekoslovakia, wa Polandi, wa Hungaria na wa Yugoslavia zimeishia kwa wingi katika maduka ya Marekani, ambako raia anaruhusiwa kuzinunua. Anayetafuta bastola yake ya kwanza huko hukutana na sifa nyingi za mitumba hiyo ya jeshi, na nyingi kati yake zina chembe ya ukweli, ndiyo maana hazifi. Kinachosahaulika ni kwamba jeshi lililoziagiza lilikuwa na fundi wa silaha, ghala la vipuri, risasi zilizolipiwa na serikali, na mkufunzi aliyesimama nyuma ya kila kuruta. Mnunuzi wa leo anapewa chuma peke yake.

"Ni rahisi kuliko bastola mpya"

Ilikuwa hivyo. Katika miaka ya 2000, rivolva ya Nagant M1895, iliyosanifiwa na Mbelgiji Léon Nagant na kutengenezwa kwa miongo mingi mjini Tula, Urusi, iliuzwa kwa chini ya dola 100. Bei za namna hiyo zimepotea kwa sababu iliyo wazi: maghala yanatolewa mali bila kujazwa tena, na kila shehena ikiisha, wauzaji hupandisha bei ya kilichobaki.

Hata anayebahatika kuipata kwa bei ya kutupa hajamaliza gharama zake, kwa kuwa risasi ndizo zitakazomla fedha. Nagant hutumia risasi ya 7.62x38R (namba ya kwanza ni kipenyo cha risasi kwa milimita, ya pili ni urefu wa ganda), ambayo ni kama imezaliwa kwa ajili yake pekee, na kiwanda kinachoitengeneza leo hakina sababu ya kuiuza kwa bei ya chini. Tokarev ya Kisovieti (TT-33) na CZ 52 ya Chekoslovakia hutumia 7.62x25, ambayo zamani ilipatikana katika makopo ya bati yaliyofungwa tangu enzi za Kisovieti na washirika wake. Makopo hayo nayo yamekuwa adimu. Kuanzia Septemba 2021 Marekani iliweka vikwazo kwa vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi, na hilo liliwagusa moja kwa moja wenye bastola za 9x18, kwa sababu Urusi ilikuwa chanzo kikuu cha risasi zao za bei nafuu.

Hesabu yenyewe haihitaji ufundi. Mtu anayejifunza akipiga risasi 50 kwa mwezi, amepiga 600 kwa mwaka. Ikiwa risasi ya bastola yake inazidi ile ya kawaida ya 9x19 kwa senti 20, amelipa dola 120 zaidi katika mwaka mmoja, na mwaka wa pili hivyohivyo. Kibaya zaidi kuliko kulipa ni kutopiga: mwenye bastola ya risasi ghali huiacha kabatini, na mkono haujifunzi kitu kabatini.

"Milimita tisa ni milimita tisa"

Hii ni mojawapo ya dhana zinazoweza kumjeruhi mtu. Makarov ya Kisovieti iliyoingizwa jeshini mwaka 1951, P-64 ya Polandi, PA-63 ya Hungaria na CZ 82 ya Chekoslovakia zote hutajwa kuwa za milimita 9, na hutumia risasi ya 9x18. Walther P38, P1 iliyofuata katika jeshi la Ujerumani Magharibi, Star BM ya Hispania na Beretta 92S iliyotumiwa na polisi wa Italia nazo ni za milimita 9, ila zao ni 9x19, inayojulikana pia kama Parabellum au Luger. Ipo tena 9x17, ambayo Wamarekani huiita .380.

Tofauti haiishii katika urefu wa ganda. Kichwa cha risasi ya Makarov kina kipenyo cha karibu milimita 9.2 na zaidi kidogo, ilhali cha 9x19 ni karibu milimita 9.0. Shinikizo linaloruhusiwa na viwango vya kimataifa ni bar 1,600 kwa 9x18 na bar 2,350 kwa 9x19, na bastola nyingi za 9x18 hazina kufuli ya mtutu: uzito wa chuma cha juu na nguvu ya springi ndivyo pekee vinavyozuia ganda lisirudi nyuma mapema mno. Kwa hiyo risasi ya 9x19 haina nafasi yoyote ndani ya Makarov, hata kwa majaribio. Ile fupi ya 9x17 huweza kuingia, lakini kichwa chake hulegea ndani ya mtutu mpana na shabaha hupotea.

Mtego kama huo upo pia kwa 7.62x25 na risasi ya zamani ya 7.63 Mauser, ambazo kwa macho hazitofautiani kirahisi. Ya Tokarev ina nguvu zaidi, na mwenye bastola ya kale ya Mauser C96 asiilishe risasi hiyo. Mnunuzi asome maandishi yaliyopigwa chapa kwenye mtutu, kisha asome sehemu ya chini ya ganda la risasi, na yasipolingana arudi dukani. Maneno ya muuzaji si chapa.

"Imepita vitani, hivyo ni salama"

Kupita vitani huthibitisha kwamba bastola hulia inapotakiwa kulia. Kwamba inanyamaza inapotakiwa kunyamaza ni jambo jingine, na majeshi ya karne iliyopita hayakulitazama kwa macho ya leo. TT-33 ya Fedor Tokarev haikuwa na sefti ya kidole (kizuizi cha kufanya bastola isifyatuke) hata kidogo. Ilitegemea nyundo kushikwa nusu ya safari, na utaratibu wa kutembea bila risasi chemberani. Zile zinazoingizwa Marekani kihalali zimeongezewa sefti kwa sababu masharti ya uingizaji yanayotokana na sheria ya silaha ya mwaka 1968 yanadai hivyo. Sefti hizo zimebandikwa baadaye na watu mbalimbali, na ubora wake hutegemea mkono uliozibandika.

CZ 52 inastahili tahadhari ya peke yake. Sefti yake ikisukumwa kupita alama ya usalama hushusha nyundo, na nyundo ilipaswa kushuka bila kugusa pini ya kupigia. Katika bastola zilizochakaa, pini huweza kuguswa na risasi ikatoka ilhali mwenyewe alidhani anaifanya silaha iwe salama. P38 zilizotumika sana zina sifa mbaya kama hiyo. Mafundi bunduki wana jaribio jepesi: hakikisha mara mbili kwamba bastola haina risasi wala magazini, uelekeze mtutu juu mahali pasipo na mtu, udondoshe ndani yake penseli ikitanguliwa na upande wa kifutio, kisha ushushe nyundo kwa sefti. Penseli ikiruka, pini imepigwa, na bastola hiyo iende kwa fundi. Ikitulia, ni habari njema ya siku hiyo tu. Nyundo ya bastola hizo ishushwe kwa sefti wakati chemba ni tupu, basi.

Pini ya asili ya CZ 52, aidha, huvunjika kwa urahisi ikipigwa bila risasi, na Star BM ina udhaifu uleule. Kwa anayeanza hili si dogo, kwa sababu kuvuta kifyatulio bastola ikiwa tupu ndilo zoezi la kwanza analofundishwa.

"Ndogo ni laini, na rivolva ni ya wanaoanza"

P-64 ina uzito wa karibu gramu 620 na hubeba risasi 6. Anayeishika dukani huipenda papo hapo. Uwanjani humpiga teke kuliko bastola kubwa ya 9x19, kwa kuwa wepesi wake na mtutu usiosogea humpelekea mkono nguvu yote kwa mkupuo, na mvuto wake wa kwanza wa kifyatulio ni mzito kiasi cha kuyumbisha shabaha. Nagant ina tatizo la mvuto pia, kwa sababu ya kipekee: kabla ya kufyatua, kifyatulio husukuma pipa la risasi 7 mbele likumbatie mtutu ili gesi isivuje. Ni ubunifu wa kusifiwa na mzigo kwa kidole. Kisha maganda hutolewa moja moja kwa kijiti, na kila risasi mpya huingizwa peke yake. Mwanafunzi anayepambana na kifyatulio huanza kukunja uso na kusukuma mkono kabla ya mlio, na tabia hiyo huchukua muda mrefu kuiondoa.

"Maji ya vioo huondoa sumu ya risasi za zamani"

Fataki (sehemu inayowasha baruti) za risasi nyingi za kale zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, chumvi inayovuta unyevu wa hewani na kuzaa kutu. Wengi hupulizia dawa ya kusafishia vioo wakiamini kwamba amonia iliyomo huiua chumvi hiyo. Amonia haiifanyi chochote. Kinachosaidia ni maji yaliyomo kwenye chupa, na maji ya moto ya bomba ni bora na hayana bei. Mafuta peke yake huifunika chumvi bila kuiyeyusha. Suuza, kausha, ndipo upake mafuta, siku ileile.

"Ni ya kale, haina mambo ya sheria"

Sheria ya shirikisho ya Marekani huita silaha ya kale ile iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, na takriban bastola zote zinazozungumziwa hapa ni za baadaye. Kundi jingine, la silaha za wakusanyaji zenye umri wa miaka 50 au zaidi, huruhusu mwenye leseni maalumu, inayogharimu dola 30 kwa miaka mitatu, kuagiza moja kwa moja kutoka jimbo jingine na kuweka daftari la kumbukumbu. Wengine wote wanaoagiza kutoka jimbo jingine hupitia kwa muuzaji mwenye leseni, hujaza fomu 4473 ya shirikisho ya ununuzi wa silaha, huchunguzwa rekodi zao, na ni lazima wawe na umri wa miaka 21. Majimbo huongeza masharti yake. New York, kwa mfano, hudai kibali kabla ya kumiliki bastola.

Kwa Waswahili walioko Marekani kuna jambo la kuzingatia zaidi. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kununua, lakini aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, amekatazwa isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. Kukosea hapa ni kosa la jinai la shirikisho.

"Thamani yake haishuki"

Wakusanyaji hulipia uasilia: namba zinazolingana kwenye sehemu zote, rangi ya kiwandani, chapa za jeshi. Bastola nyingi zilizosifiwa kuwa hazijatumika zilipita karakana za jeshi, zikapakwa rangi upya na kuunganishwa kwa vipande vya bastola tofauti. Jina la mwingizaji lililochongwa juu yake, ambalo sheria hulidai, nalo hupunguza bei machoni pa mkusanyaji. Mfano wa upande wa pili ni bastola za M1911A1 za jeshi la Marekani lenyewe, ambazo CMP, shirika la kukuza ulengaji shabaha wa raia, lilianza kuziuza mwaka 2018 baada ya Bunge kuruhusu hadi 10,000 kwa mwaka. Bei zilianzia mamia ya juu ya dola, na wanunuzi wanatakiwa wawe raia wa Marekani. Hizo zinahifadhi thamani, na ndiyo sababu si busara kuzifanyia zoezi la kila wiki.

Anayetaka mtumba wa jeshi kwa kujifunzia atafute kinyume chake: CZ 82 yenye magazini ya risasi 12, au Beretta 92S inayotumia 9x19, rangi ikiwa imechubuka na mkusanyaji akiwa ameipita bila kugeuza shingo, lakini mtutu ukiwa safi. Kisha atenge fedha za springi mpya, magazini ya pili, na saa moja ya fundi bunduki.