Maana ya Perovskaiti Isiyo na Risasi

Perovskaiti ni jina la madini yaliyotambuliwa na Gustav Rose mwaka 1839 kutoka milima ya Ural nchini Urusi, lakini siku hizi linatumika kwa kila kitu ambacho fuwele zake zimejipanga kwa mtindo uleule. Katika seli za sola, mtindo huo una ioni (chembe yenye chaji ya umeme) ya risasi, ile metali nzito yenye sumu, katikati, ikizungukwa na ioni sita za iodini. Seli za kwanza za namna hii, zilizotangazwa Japani mwaka 2009, ziligeuza kuwa umeme asilimia 3.8 tu ya nishati ya mwanga. Leo zile bora za maabara zimepita asilimia 25.

Kinachosumbua ni risasi yenyewe. Utando wa perovskaiti unaonasa mwanga katika seli ni mwembamba sana, na risasi iliyomo ni kidogo, ila iko katika hali inayoyeyuka kwenye maji. Unyevu ukipenya, utando mweusi hugeuka manjano, rangi ya iodidi ya risasi iliyoachwa nyuma, ambayo mvua inaweza kuibeba hadi udongoni. Kwa sumu inayodhuru ubongo wa mtoto, mimi siuoni udogo wa kiasi kuwa utetezi wa kutosha.

Perovskaiti isiyo na risasi, basi, ni ile ambayo nafasi ya risasi imejazwa na metali nyingine. Mrithi wa karibu ni stani (bati), ambayo ioni yake inakaribiana kwa ukubwa na ya risasi na hunasa mwanga vizuri. Udhaifu wake ni kwamba ioni ya stani yenye chaji mbili hupoteza kwa urahisi elektroni mbili zaidi inapokutana na oksijeni, na hapo fuwele hujaa kasoro zinazoumeza umeme kabla haujatoka. Ndiyo maana watafiti huutengeneza utando huo ndani ya masanduku yaliyofungwa na kujazwa naitrojeni, tena huongeza floridi ya stani ili kuzuia upotevu huo. Kwa njia hizo ufanisi umepanda kutoka takriban asilimia 6 mwaka 2014 hadi karibu asilimia 15, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye tumaini kubwa zaidi.

Wengine huunganisha metali mbili, bismuthi na fedha, wakapata perovskaiti maradufu inayostahimili hewa na joto kuliko ile ya stani. Hata hivyo, utando wake una rangi ya manjano inayoelekea chungwa, na rangi hiyo yenyewe inaonyesha kasoro yake: mwanga mwekundu unapita bila kunaswa.