Sifuri za mbele hazikai ndani ya namba

Wanaojifunza lugha ya programu ya C hapa Tanga huuliza sana: "Nimeandika int namba = 007; mbona inatoka 7?" Wanadhani kompyuta imemeza sifuri. Haijameza kitu. int, yaani aina ya namba nzima, hutunza thamani tu, na saba ni saba. Sifuri ni pambo la wakati wa kuchapisha, na mahali pake ni kwenye printf, amri ya kuchapisha: printf("%03d", 7) hutoa 007. Hiyo 3 ni upana wa chini, si kikomo, kwa hiyo 1250 itatoka nzima. Alama ya kutoa nayo inahesabiwa: -42 kwa %05d ni -0042. Ukitaka tarakimu tano kamili, andika %.5d, upate -00042.

Balaa lenyewe liko kwingine. Chukua msimbo wa simu za mezani wa Tanga, 027. Andika int msimbo = 027; kisha uchapishe kwa %d, alama ya namba nzima ya kawaida. Utapata 23! Katika maandishi ya programu ya C, sifuri ya mbele huiambia kompaila (programu inayoyatafsiri kwa kompyuta) ihesabu kwa nane badala ya kumi: mbili mara nane, jumlisha saba. 028 inakataliwa kabisa, maana hesabu hiyo haina tarakimu 8. Afadhali hiyo inayopiga kelele kuliko 027 inayokupotosha kimyakimya. Hata scanf, amri ya kusoma anachoingiza mtumiaji, ina vituko vyake: kwa %d, mtumiaji akiingiza 027 inasomwa 27, kwa %i, 23.

Namba ya simu huijumlishi wala huigawanyi, basi itunze kama maandishi: char msimbo[] = "027"; na uichapishe kwa %s, alama ya maandishi.