Je, wajua kwa nini picha ya mazishi ya kijijini iliwachukiza watu wa Paris?

Mwishoni mwa mwaka 1850, mchoraji Mfaransa Gustave Courbet alipeleka kwenye Salon, maonyesho makubwa ya sanaa mjini Paris, turubai lenye upana wa zaidi ya mita 6 na nusu na kimo cha mita 3 na ushee. Ndani yake watu zaidi ya 40 wamelizunguka kaburi, kila mmoja mkubwa kama binadamu halisi. Si wafalme wala watakatifu. Ni watu wa Ornans, mji mdogo wa mashariki mwa Ufaransa alikozaliwa Courbet mwaka 1819.

Kosa lilikuwa ukubwa. Tangu karne ya 17 wakubwa wa sanaa Ufaransa walikuwa wamezipanga picha kwa madaraja, na daraja la juu lilikuwa la historia, dini na visasili. Hizo ndizo zilizostahili kufunika ukuta. Mkulima aliruhusiwa kuchorwa, ila kwenye picha ndogo ya kutundika sebuleni. Isitoshe, mapinduzi ya 1848 yaliyoung'oa ufalme Ufaransa yalikuwa bado mabichi, na wanaume wote, hata wa shamba, walikuwa wamepata haki ya kupiga kura. Hebu fikiria tajiri wa mjini anaingia ukumbini na kukuta wanakijiji wa kimo chake wamejipanga ukuta mzima wakiwa na nguo zao nyeusi.

Halafu zile sura. Courbet aliwachora wenyeji wenyewe: meya, padri, hata mama yake na dada zake, na hakumpamba mtu. Wahudumu wawili wa kanisa wana pua nyekundu karibu sawa na majoho yao. Mchimba kaburi amepiga goti akisubiri sala iishe. Mbele kuna mbwa mweupe aliyegeuza kichwa kando, na hata watu wenyewe ni shida kupata wawili wanaotazama mahali pamoja. Aliyewahi kusimama makaburini anaijua hali hiyo: huyu anafuta machozi, yule anawazia njia ya kurudi nyumbani. Kwangu mimi hapo ndipo ukweli wa picha ulipo, kuliko hata kwenye zile pua.

Hakuna malaika anayepokea roho. Picha haisemi hata marehemu ni nani. Kaburi lenyewe limekatwa na ukingo wa chini, kana kwamba shimo linaendelea mpaka miguuni pako wewe unayetazama.

Mwaka 1855 waamuzi wa Maonyesho ya Dunia ya Paris waliikataa picha hiyo pamoja na nyingine kubwa, ya karakana yake. Courbet akajenga banda lake jirani na maonyesho hayo, akaliita la Uhalisia, yaani kuchora maisha kama yalivyo, akatoza kiingilio. Watu hawakufurika, bei ikabidi ishuke. Agosti mwaka huo akaingia Eugène Delacroix, mchoraji mkongwe wa mtindo tofauti kabisa. Alikaa humo karibu saa nzima, peke yake.