Biskuti za vipande za zabibu kavu na viungo ni zipi?

Biskuti za vipande hazitengenezwi moja moja. Donge lote hutandazwa kwenye trei, likaokwa, kisha likakatwa vipande likishapoa. Hizi za zabibu kavu na viungo ni za kizamani, na ziko katikati ya keki na biskuti: pembeni hushika, ndani zikabaki laini na zenye unyevu. Huko New England, Marekani, ndugu zao wanaotiwa molasi (shira nzito, nyeusi ya miwa) huitwa hermits.

Kiini chake ni kuchemsha zabibu kwanza. Wengi huruka hatua hii, na kwangu ndipo utamu wote unapopotea. Zabibu kavu ikiingia hivyo hivyo hunyonya maji ya donge, na kipande hutoka kikavu. Chemsha kikombe 1 cha zabibu katika kikombe 1 cha maji kwa dakika 5 hivi, zivimbe. Maji yanayobaki usimwage hata tone: yamebeba sukari, rangi na asidi ya zabibu, na asidi hiyo ikikutana na bekingi soda hutoa gesi inayoliumua donge. Mafuta, nusu kikombe, hutiwa humo humo sufuria ikiwa bado moto. Yai lisubiri mchanganyiko upoe, la sivyo litaivia sufuriani.

Maji haya ya zabibu ndiyo yaliyowaokoa waokaji wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Marekani, watu walihimizwa kubana matumizi ya sukari, ngano na mafuta, na zikaenea keki za zabibu zilizochemshwa, zisizo na maziwa, siagi wala mayai.

Baada ya hapo ni sukari kikombe 1, unga wa ngano vikombe 2 visivyojaa sana, kijiko kidogo cha bekingi soda, chumvi kidogo na viungo. Mdalasini uongoze, kungumanga ifuate, tangawizi ukipenda. Karafuu iwe robo ya kijiko kidogo tu; ikizidi hutoa uchungu na kufunika vyote.

Oka kwa nyuzijoto 180 za Selsiasi, dakika 20 hadi 25. Toa trei pale sehemu ya katikati, ukiigusa, inapobonyea kidogo tu na kurudi, kwa kuwa trei yenye joto huendelea kuivisha. Zihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko. Siku ya pili viungo huwa vimekolea zaidi, na mimi hupendelea kuzila siku hiyo.