Yangeyange wa bluu: tunachokiona kwenye picha zenu za wanyamapori

Kila kiangazi idara yetu hupokea picha za wananchi kwa ajili ya kalenda na mabango ya utalii wa ndani. Tunashukuru na tunaomba mwendelee. Ila safari hii picha zimekuja na malalamiko: wageni wanasema madereva hawataki kuwasogeza kwa mnyama, na madereva wanasema wageni wanawashinikiza wavunje sheria kisa picha. Nimeagizwa nitoe elimu. Mfano wangu utakuwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, maana wengi wenu mnatoka Dar es Salaam na Morogoro na ndiko mnakoanzia.

Nina picha moja mbele yangu. Simba jike kalala chini ya mti, saa sita mchana. Manyoya yake ni ya chungwa kama taa ya breki, anga ni zambarau. Nyuma yake wamesimama yangeyange wawili, ndege ambao hata mtoto anayechunga ng'ombe anajua ni weupe. Hapa wamekuwa wa bluu. Mpigaji ameandika kwamba ameipa picha uhai. Ndugu yangu, huyo ni simba wa kuchorwa kwenye kioo cha nyuma cha daladala.

Kosa halikuanzia kwenye kuhariri. Lilianza saa sita mchana. Huku kwetu karibu na Ikweta jua halichelewi: likishatoka linapanda moja kwa moja, na kufika saa tatu asubuhi mwanga umeshakuwa mkali na mweupe. Kivuli cha paji la uso kinaingia machoni mwa mnyama, na jicho lisilo na nukta ya mwanga ni jicho lililokufa. Hakuna filta inayolirudisha. Mwanga wa kufanyia kazi ni ule wa saa kumi na mbili na nusu hadi kama saa mbili na nusu asubuhi, jua linapotokea upande wa milima ya Uluguru, kisha tena kuanzia saa kumi jioni.

Maana yake uwe getini saa 12 asubuhi linapofunguliwa, na uwe umeshalipa. Hili nalirudia kila wiki. Malipo ni kwa namba ya malipo au kadi, si fedha taslimu. Omba namba hiyo jana yake, hakikisha idadi ya watu na aina ya gari vimeandikwa sawasawa, lipa, tunza risiti, na njoo na kitambulisho cha uraia, la sivyo hutapata kiwango cha mwananchi. Anayefika alfajiri na kuanza kutafuta mtandao getini ataingia saa mbili, kisha atasema Mikumi haina mwanga.

Sasa suala la kusogea. Kutoka nje ya barabara hakuruhusiwi, hata "kidogo tu", hata kama gari la mbele limetoka. Kushuka garini ni kwenye maeneo yaliyotengwa peke yake. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Kwa kadiri ya kosa, hatua ni onyo, faini au kutolewa hifadhini, na dereva wa kampuni anaweza kuzuiwa kuingiza wageni. Faini nayo hulipwa kwa namba ya malipo na kupewa risiti. Usimkabidhi mtu fedha mkononi. Mgeni anayesema "nitalipa mimi" haelewi kwamba leseni si yake.

Na wala picha haihitaji kusogea huko. Zima injini, kwa sababu mtetemo wake unatia ukungu kwenye picha. Weka kifuko cha mchele kwenye ukingo wa dirisha, laza lenzi juu yake, halafu subiri. Paa la gari likiwa wazi kila mtu husimama, na ndiyo maana kila mnyama kapigwa kutokea juu, kama mbuzi mnadani. Keti. Piga kupitia dirishani, karibu na usawa wa macho yake. Lenga jicho. Anakotazama, muachie nafasi zaidi kuliko mgongoni. Usimkate kwato wala mkia. Kama una simu tu, usivute picha kwa vidole. Mwache twiga awe mdogo kwenye mbuga ya Mkata, uwanda wa nyasi humo Mikumi, na milima nyuma yake. Picha za namna hiyo ndizo tunazoweka kwenye mabango, ninyi ndio mnazifuta.

Kamera hudhani kila kitu ni cha kijivu cha wastani. Nyati akijaza fremu, itamfanya kama amepakwa majivu: punguza mwanga kidogo. Yangeyange akijaza fremu, ongeza. Mnyama anayekimbia anataka spidi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya 1/1000 ya sekunde au zaidi.

Kwenye rangi, piga faili ghafi (RAW) kama kamera inaruhusu, maana linabeba taarifa nyingi za mwanga. Unapohariri, anza na cheupe, yaani kitu unachojua ni cheupe, urekebishe rangi nyingine kwa kukifuata. Watu hutumia mistari ya pundamilia, lakini pundamilia wa Agosti amegaagaa vumbini na weupe wake ni wa maziwa ya chai. Tumia yangeyange. Akishakuwa mweupe, nyasi zitarudi kuwa dhahabu zenyewe. Baada ya hapo ongeza ukali wa rangi mpaka uone unapendeza, kisha rudisha nusu. Nusu hiyo watu hawairudishi.

Picha ya kumbukumbu haihitaji kibali. Filamu na picha za biashara zinahitaji. Droni ni habari nyingine kabisa: bila vibali vya mamlaka husika, ikiwemo hifadhi yenyewe, isitoke kwenye begi. Na kwa hifadhi zenye faru, zima utambuzi wa mahali kwenye simu kabla ya kupiga, kwa sababu picha hubeba mahali ilipopigwa, na jangili naye ana simu.

Ukituletea picha, tunza faili la awali. Tutakuomba tulilinganishe, na "simu iliibiwa" tumeshaisikia.