Kabla ya Kuomba Nafasi ya Uzamivu, Uwe na Swali

Mbalamwezi inapokolea, wavuvi wa dagaa wa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, hupumzika, nami hupata wasaa wa kuwasikiliza vijana wanaotaka kusoma shahada ya uzamivu (PhD). Mmoja alinijia na barua aliyoituma kwa maprofesa 38. Ilianza kwa "Mheshimiwa Profesa" bila jina, ikaorodhesha vyeti, kisha ikaomba ufadhili. Hakujibiwa na hata mmoja, wala sikushangaa.

Mfukoni, hata hivyo, alikuwa na daftari lenye madoa ya mafuta ya samaki. Tangu Ziwa Tanganyika lilipofunguliwa Agosti 2024, baada ya uvuvi kusitishwa kwa miezi mitatu, alikuwa akipima kwa rula urefu wa dagaa na migebuka wanaoshushwa pale mwaloni. Nilimwambia kwamba daftari lile ndilo ombi lake. Msimamizi hamtafuti mtu wa kuendelea kufundishwa; anamtafuta mwenye swali linaloweza kujibiwa kwa miaka mitatu au minne, na anayejua takwimu za kulijibu zitapatikana wapi. Nusu ukurasa unaoonyesha kwamba umeisoma kazi ya profesa huyo, ukaeleza vipimo vyako vinasema nini na vimeshindwa kusema nini, utasomwa mpaka mwisho.

Taratibu hutofautiana. Hapa Tanzania kwa kawaida hutakiwa uwe na uzamili pamoja na pendekezo la utafiti. Marekani huweza kumpokea mwenye shahada ya kwanza, ila ataanza na masomo ya darasani na mitihani migumu kabla ya tasnifu, ndiyo maana miaka hufika mitano na kuzidi. Ujerumani nafasi nyingi ni ajira za mkataba ndani ya mradi, zenye mshahara.

Watu wa Kigoma hupenda kunikumbusha kwamba Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipokelewa Chuo Kikuu cha Cambridge kwa uzamivu mwaka 1962 bila shahada ya kwanza. Ni kweli, lakini alikuwa na maelezo ya sokwe wa Gombe ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo, na Louis Leakey, mtaalamu mashuhuri wa mabaki ya binadamu wa kale, alimpigia debe.

Kuhusu ajira, uzamivu haufuti matokeo ya shahada ya kwanza: matangazo ya kazi za uhadhiri huweka kiwango cha chini cha GPA (wastani wa alama) ya shahada hiyo, hata ukiitwa daktari. Cheti cha nje nacho hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kitambuliwe. Ndiyo maana huwashauri vijana, wakiweza, waajiriwe kwanza kama wahadhiri wasaidizi au watafiti, kwa sababu mwenye ruhusa ya masomo ana kiti cha kurudia, ilhali asiye nayo hurudi na tasnifu akajiunga na foleni ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Wengine huishia kwenye miradi ya mikataba mifupi, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Kijana yule anaiandika barua upya. Nimemtaka aambatishe jedwali la miezi miwili tu, na aache wazi siku ambazo hakupima kwa sababu ya mvua.